Kidole Kimoja Nje

Ilianza kulia Segerea,
kama mtu anayesaga mchanga kwenye sufuria;
nikapandisha sauti ya redio.
Kufika Kimanga, gurudumu la nyuma kushoto
linayumba kama limetoka kilabuni,
na pikapu, na magunia yake kumi na mawili ya pumba,
ikaingia uani kwa huruma ya Mungu na ya gia namba moja.

Fundi Kapinga akachungulia, akasonya,
akataja laki mbili unusu, spea mbali.
Nikamwambia nitafikiria.
Maana yake: nitafungua mwenyewe.

Jumamosi. Jeki moja, gogo la mkorosho chini ya chesesi,
mawe mbele ya matairi.
Nati nne nyuma ya sahani ya breki:
tatu zikasikia spana,
ya nne ikataka mafuta ya taa, bomba la kuongezea mkono,
na maneno ambayo sikufundishwa madrasa.

Ekseli nayo ikagoma kutoka.
Nikaigeuza dramu, mgongo mbele,
nikaishikiza kwa nati mbili nusunusu,
nikavuta kwa mapigo: ngo! ngo! ngo!
Kuku wa jirani wakahama ukuta.
Pigo la kumi na kitu, ikachomoka,
nikaanguka makalio nimeikumbatia,
oili ya difu ikinitiririkia mapajani
kama nimepakata mtoto asiye na nepi.

Nikaifunga kwenye kanga iliyokuwa kambani,
sikusoma hata jina lake,
nikaenda Gerezani.
Muuzaji akahesabu meno kwa ukucha. Thelathini.
Akahesabu tena.
“Hii ya Mjapani, kaka.”
Wote husema hivyo.
Akapachika beringi mpya kwa presi, akanipa sili na chenji.
“Nenda kavae.”

Haikuvaa.

Ikaingia, ikaingia, ikagota.
Kidole kimoja nje.
Nikaizungusha nikitafuta meno ya difu. Kidole kimoja.
Nikapaka grisi. Kidole kimoja.
Nikaweka ubao, nikapiga nyundo:
ubao ukapasuka, kidole kikabaki palepale.
Nikamlaumu muuzaji, nikamlaumu Mjapani,
nikamlaumu shemeji aliyeniuzia gari
akiapa kwa kaburi la mama yake, ambaye yu hai, yuko Korogwe.

Tunu akatoka kufuata kanga yake.
Akaikuta.
Akanitazama kwa muda, kisha akaitazama ekseli.
“Humo ndani mna nini?”
“Hamna kitu.”
“Umeangalia?”
“Nimepapasa.”
Akakunja mkono wa gauni, akatia vidole kwenye tundu,
taratibu, kama anayetafuta shilingi ndani ya mto.
“Hapa pana ngazi,” akasema.

Tochi ya simu.
Kweli: pete.
Beringi ya zamani ilisagika, gololi zikatawanyika,
lakini pete yake ya nje imeng'ang'ania nyumba,
nyeusi, rangi moja na chuma kilichoishika.
Saa tatu nzima nimekuwa nikilazimisha mgeni
kwenye kiti ambacho mtu hajainuka.

Patasi ikateleza.
Tukamwita Ndimbo na mashine yake ya kuchomelea;
luku yetu inasoma nne nukta mbili.
Akaizungushia pete mstari wa moto kwa ndani,
akavua miwani. “Iacheni.
Chuma kikipoa hujikunyata.”
Tukakaa juu ya pumba, watatu, bila la kusema.
Nikataka kuigusa. Tunu akanishika kiwiko.
Kisha, ndani ya tundu, ting,
kitu kidogo kama kijiko kikigusa sahani,
na pete ikatoka kwa vidole viwili na kitambaa.

Sili mpya. Ekseli ikaenda yote,
nyundo iko chini.

Kanga imefuliwa mara tatu, bado yanuka difu.
Doa limekula maua ya pembeni,
jina limesalimika: NILIJUA UTARUDI KWANGU.
Jumatatu nimepita Segerea na mzigo,
redio nimezima,
nasikiliza.