Kibaba cha Usiku

Saa nne usiku, kabla ya kutia komeo,
niliandika kwa makaa nyuma ya mlango: 14.61.
Alfajiri, udhu bado mbichi mikononi,
mita inanambia 14.27.

Nani kala?

Watoto walilala. Taa nilizizima mwenyewe,
ya ukumbini, ya uani, hata ile ya choo
ambayo Mkasi anaogopa kuizima.
Friji ni marehemu tangu Mfunguo Mosi,
sasa naweka ndani yake unga na sare za skuli.
Feni haina panga.
Na mwizi wa Jadida, ninavyomjua,
haji kuiba umeme akaacha kuku.

Mie nachambua karafuu za watu.
Vidole vyangu vinajua kidogo ni nini:
konyo moja, konyo moja, mpaka jua lipinduke,
vibaba vinne ndiyo pishi,
na kwa pishi ndiyo nalipwa.
Basi msinambie “ni kidogo tu.”
Kidogo namjua kwa jina la baba yake.
Haba na haba hujaza kibaba,
na haba na haba ndiyo inayokitoboa.

Usiku wa pili sikulala.
Nilikaa kitako mkekani, giza totoro,
nikangoja macho yazoee.
Wakajitokeza mmoja mmoja, kama majirani kwenye sinia:
televisheni, jicho jekundu, dogo kama mbegu ya pilipili;
king'amuzi, kinaonesha saa, na saa yenyewe ya uongo;
deki, haijameza sidii tangu arusi ya Raya;
ile redio kubwa ya Maskati, spika mbili ubavuni,
inameremeta buluu, inajisikiliza;
na chaja, mdomo wazi, haina simu.
Nikaigusa: ina homa.

Kumbe nyumba nzima inalala jicho wazi.
Rimoti haizimi. Rimoti inasema tu,
“Sinzia kidogo, ntakwita.”
Nao wanangoja, na kungoja nako kunakula.
Umeme umepiga mbizi kutoka Tanga,
umepita chini ya papa na matumbawe,
umepanda Wete nguzo kwa nguzo,
uje kukodolea dari yangu?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wana mwaka wa nne.

Nikanyanyuka, nikachomoa.
Chaja. Deki. King'amuzi.
Televisheni ikatoa mlio, tk,
kama mtu aliyemeza neno.
Mkono ukasita kwenye redio.

Aliileta Shaame, safari ile ya mwisho.
“Usiichomoe, itasahau stesheni.”
Sikuichomoa.
Akipiga simu Ijumaa, nawaka:
namsimulia bati linalovuja, daftari, jino la Mkasi.
Salio likikatika, narudi pale pale,
sikuzimwa, sikuwashwa,
taa ndogo kifuani,
nangoja kidole cha mtu aliye ng'ambo.
Miaka minne, na sijapiga hesabu hata siku moja
kungoja kwangu kunakula yuniti ngapi.

Plagi ilikuwa ya moto.
Nikaivuta.
Buluu ikafifia polepole, haikutaka, kisha ikakubali.
Likaja giza kamili, giza la kabla ya nguzo.
Nikasikia popo kwenye mfenesi wa kina Faki
na pumzi za wanangu, tatu, nikazihesabu.
Simu nayo nikaizima.
Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa.

Nyuma ya mlango, kwa makaa: 13.40.
Asubuhi, kwenye mita: 13.40.
Nikaisoma mara mbili, kwa sauti,
kama barua.

Mchana nikaiwasha redio.
Imesahau stesheni zote, kweli, kama alivyosema.
Nikashika kitufe, nikakizungusha mwenyewe,
kelele, kelele, mtu anasoma bei za samaki, kelele,
tena sauti ya mwanamke nisiyemjua, anacheka.
Zimo nyingi humu
kuliko zile tatu alizoniwekea.