Sikio la Kufa

Sikio la kufa halisikii dawa,
alisema wifi yangu Nkwimba, akigeuza uso kidogo,
kidogo mno: midomo yake niliisoma.

Langu lilisikia. Dawa yenyewe betri,
ndogo kuliko kifungo cha blauzi.
Unabandua karatasi, unaiacha ipumue dakika moja,
ndipo unaifungia ndani.

Siku ya kwanza kuvaa shimesikio Mwaloni, nililia.
Si kwa furaha, msinipambie.
Kila kitu kiliingia pamoja, bila hodi:
injini za mitumbwi iliyokesha njiani kutoka Goziba,
koleo likikwangua barafu,
korongo wakigombea matumbo ya sangara juu ya bati,
spika ya muuza dawa ya panya, ikijirudia, ikijirudia,
na mbele yangu mteja, anafumbua mdomo na kuufumba
kama samaki sakafuni.
Nilisikia vyote. Neno, hata moja.

Lugha yetu ina ukarimu hapa:
tunasikia njaa, tunasikia baridi,
harufu ya dagaa tunaisikia kabla ya kushuka Kirumba.
Mteja yule nilimsikia kwa ngozi tu,
hasira yake, joto lake, akiondoka.

Nikazivua. Nikazifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na chenji.

Veneranda wa kliniki hakunigombeza.
Akatoa kidude cha tatu, kama kiberiti, chenye kibanio.
"Mama, ukiliongezea sikio nguvu
unaliongezea na takataka.
Hiki mpe anayesema. Abane hapa,
shubiri moja chini ya kidevu."

Ikawa sheria ya meza yangu:
unataka dagaa, vaa kwanza.
Wanunuzi wa Kongo walicheka, wakavaa.
Mzee mmoja wa Sengerema alidhani nampima presha,
akatulia, akakunja na mkono wa shati.
Mtoto alikinong'oneza: "Shikamoo, redio,"
nikaitikia marahaba toka ng'ambo ya magunia.
Mbio alizotoka!

Kisha Shilinde, dalali.
Alibana kidude kwenye kola, tukapatana nusu nusu,
akasema ngoja nikamuulize tajiri,
akaenda nacho.

Nilimwona akipotea nyuma ya lori la barafu.
Sauti yake haikupotea.
Hatua kumi, kumi na tano, bado ilikuwa hapa
ndani ya fuvu langu, ikihema, ikitafuna karanga:
"Tajiri katoa laki na themanini kwa gunia.
Yule kiziwi nitampa laki na nusu,
na atashukuru."

Mwenzake akacheka. Kicheko kikakatika vipande,
kikarudi, kikakatika.
Halafu Shilinde tena, chini chini,
sauti ambayo soko zima halijawahi kuinunua:
"Usicheke sana, bwana. Mama yangu kaanza hivyo hivyo.
Nikimwita yuko jikoni, anatazama mlangoni,
si kwangu. Mlangoni."

Nikakaa juu ya gunia.
Ningeweza kukizima. Kitufe kiko nyuma ya sikio.
Sikukizima.

Aliporudi alikuwa na uso wake wa biashara.
"Mama Holo, hali ngumu. Laki na..."
"Themanini," nikasema.
Mkono ukapanda kwenye kola wenyewe,
ukakikuta pale, chenye taa yake ya kijani, kidogo, macho.

Sikumtukana. Nilichana kipande cha mfuko wa saruji,
nikaandika: Alhamisi, saa mbili, mwulize Veneranda.
Mlete. Akikataa, mwambie si dawa, ni betri.

Alikisoma mara mbili.
Kabla ya kukibandua kidude, aliinamisha kidevu
akakiambia neno moja, taratibu,
katikati ya spika na koleo na korongo.
Likanifikia zima.
Hilo siliweki hapa.

Tulimaliza kwa laki na sabini na tano.
Dalali ni dalali.