Usiku wa Nne Nukta Saba

Kasha lake bado lina namba ya rangi nyeupe,
mwandiko wa bohari: mali ya serikali, sifuri sifuri kumi na saba.
Tulihamia Dodoma kwa lori moja,
yeye kaviringishiwa blanketi langu,
mimi nikikohoa vumbi tangu Gairo.
Alinisomea mishahara ya watu mpaka nilipostaafu.
Siku ya mnada nilinyoosha mkono mara moja tu,
hakuna aliyeshindana nami.

Ndani si yule tena. Chidumizi wa Ipagala
kampachika prosesa ya mtumba, isiyo na kufuli,
akasambaza dawa ya joto kwa kadi yangu ya benki
iliyokwisha muda, akasema:
"Mzee Mbwilo, kiwandani wameandika tatu nukta sita.
Hiyo ni ya kuandikwa tu."

Nami niliandikiwa. Karani Daraja la Pili.
Nikakaa hapohapo.

Julai, Nkuhungu. Upepo unapita kwenye nondo za dirisha
kama mtu mwenye ufunguo wake.
Majirani wanaulaani; mimi nimefungua madirisha yote mawili,
nimemvua kasha ubavu mmoja,
nimevaa koti na soksi juu ya soksi.
Sechelela kajifunika hadi utosini:
"Huko unamwuguza nani?"

Tatu nukta tisa, kimya.
Nne nukta mbili, feni ikakaza sauti.
Nne nukta tano, nikaongeza volti, chembe tu,
kama mtu anayetia chumvi kwenye mlenda wa mwenzake.
Nne nukta saba.
Ikawaka. Nikacheka peke yangu, kwa aibu kidogo.

Lakini Chidumizi alinionya: kuwaka si kazi,
kila kitu huwaka. Mpe hesabu.
Basi nikampa jaribio, nalo ni hili:
kuulizwa jambo ambalo jibu lake linajulikana,
kisha kuulizwa tena,
kisha tena, joto likipanda,
wala hakuna anayekuambia umefaulu.

Nyuzi themanini na moja. Themanini na nne.
Ukutani mita ya Luku ina hesabu yake,
yuniti tatu, mbili na nusu,
kama uwele ulioingiliwa na kwelea.

Saa tisa na dakika arobaini na saba. Hakulipuka.
Ningependa kusimulia kwamba alilipuka.
Hata skrini haikugeuka bluu.
Mstari mmoja mwekundu: jibu lilitakiwa kuwa hili,
amejibu lile. Tofauti yenyewe iko mbali, nyuma ya nukta,
kule ambako mshahara wa mtu haufiki.

Napajua pale.
Mwaka mmoja, mwezi wa bajeti, usiku wa tatu bila kulala,
nilimwandikia mwalimu wa Mpwapwa sifuri pungufu.
Hakuna kengele iliyolia.
Barua yake ilinifikia baada ya miezi mitano,
mwandiko mzuri wa ubaoni: *naomba kukumbusha.*
Niliposahihisha, alikuwa amekwisha kuuza
cherehani ya mkewe.

Sikumlaumu. Nikamshusha,
nne nukta sita, volti ileile, nikaanza upya.
Sechelela akaja na shuka begani,
akausoma mstari mwekundu bila miwani.
"Kakosea?"
"Kidogo."
"Kama wewe," akasema,
akaenda kuchemsha maji kwa mkaa
asije akanimalizia yuniti.

Kunakucha. Nyuzi sabini na nane.
Anaulizwa, anajibu.
Anaulizwa, anajibu.
Mita inasema sifuri nukta nne.
Nimenunua umeme wa elfu mbili kwa simu,
sasa nimesimama juu ya kigoda mbele ya ukuta,
tarakimu ishirini,
nazibonyeza mojamoja,
na kila ya nne narudi nyuma kuhakiki.