Daftari la Vitu vya Kununua

Ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu la Vugutsa,
baada ya sehemu na desimali alizokosa,
ndipo ninapoandika vitu tulivyonunua.

Mwaka tuliorudi kutoka Nakuru, mwezi wa kwanza,
orodha ilikuwa ndefu kama foleni ya posho:
unga, sukari, mafuta ya taa, makaa,
maziwa (mkulima kununua maziwa!),
mayai sita yaliyofungwa kwa gazeti,
hata mboga. Hata mboga, jamani,
na mrenda ulikuwa umejiotea nyuma ya choo
ukitungoja tuuone.

Shamba lenyewe ni robo tatu ya ekari
na sehemu yake ni jiwe,
jiwe la Maragoli, kubwa kuliko nyumba.
Babu alililaani. Baba alilizunguka na jembe miaka arobaini.
Kageha alilitazama siku moja mvua ikinyesha,
akasema: Hili ni paa.
Tukalijengea ukingo wa saruji, mwembamba kama kope,
na sasa mvua huteremka mgongoni mwake hadi kwenye tangi
ikileta majani makavu,
na mara moja ilileta kinyonga, mzima, amekasirika.
Kiangazi, jiwe hilohilo huanika wimbi.
Halijawahi kudai mshahara.

Ng'ombe ni mmoja, anaitwa Madeni,
maana shemeji alitulipa naye deni la zamani.
Mavi yake tunayakoroga na maji, mikono mitupu,
tunayamimina shimoni, tunasubiri.
Siku moto wa kwanza ulipotoka kwenye bomba
ulikuwa wa samawati, mdogo, wenye haya kama bibi harusi.
Kageha akauteleka sufuria ya chai
na hakuna aliyesema neno mpaka ikafurika.
Tangu hapo Madeni akiugua tumbo
sisi ndio tunaolala bila ugali.

Nguzo za stima zimepita barabara ya juu
kama watu waendao harusini ambao hawakutualika.
Fundi alikuja na kamba ya kupimia, akataja bei.
Nikamwonyesha paneli juu ya bati, pana kama sinia:
taa tatu, redio, simu ya mama.
Akacheka. Akanywa chai vikombe viwili.
Alipoondoka alikuwa na mbegu za managu mfukoni.

Usiku tunapanda juu ya jiwe, bado lina joto la mchana.
Kisumu inawaka kule chini,
makaa yaliyomwagika kando ya ziwa.
Vugutsa huuliza: nani hulipia zote zile?

Mwezi huu orodha ina kitu kimoja.
CHUMVI. Nikakipigia mstari mara mbili,
nikamsomea Kageha kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.
Alikuwa anachuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe
ya kulainishia mrenda. Hakuinua kichwa.
"Na kalamu hiyo?" akasema.
"Na sare ya mtoto? Na sindano ya Madeni?
Na Asava, aliyetulimia siku nne ulipovunjika mkono,
yeye umemwandika wapi?"

Nikaandika: kalamu. Sare. Sindano.
Nikaanza: Asava, siku nne,
nikafuta, kwa maana hakuuza.
Nikaandika tena. Nikafuta tena,
karatasi ikatoboka upande wa pili,
kwenye desimali.

Hodi.
Ni mtoto wa Asava, kisahani kitupu mkononi.
Mama anaomba chumvi kidogo, mboga iko motoni.
Nampa nusu ya pakiti, anaondoka mbio gizani
akiziba kisahani kwa kiganja,
nami nimesimama mlangoni nikitafuta safu ya kuliandika hili,
na Vugutsa ananivuta shati:
anataka daftari lake, kesho ana mtihani.