Zaidi ya Sita na Nusu

Jumanne hakuna ligi ya maana,
kwa hiyo wanaume wa Kiborloni wanaishusha orodha kwa kidole,
wanawapita wakubwa waliolala, wanapita daraja la kwanza, la pili,
hadi chini kabisa, karatasi inapokaribia kuisha:
Wanawake. Kufuzu. Ligi C.

"Hawa ni akina nani?" anauliza Massamu wa bucha,
mkono wake bado unanuka mfupa.
Namwambia: nchi moja ni visiwa, nyingine ni bonde lenye mabenki.
"Nani anafungwa sana?"
Bonde.
"Basi Aikande, niwekee zaidi ya sita na nusu.
Hiyo nusu ndiyo inayolisha watoto."
Wanacheka. Mashine inatafuna karatasi, inatema mkeka.

Picha hakuna. Ligi C haina kamera inayofika Moshi.
Kuna kiwanja cha kuchora, kijani kuliko nyasi yoyote aliyoiumba Mungu,
na mshale mweupe unaokwenda upande mmoja tu,
na maandishi:
Shambulio.
Shambulio la hatari.
Kona.
Shambulio la hatari.
Dakika ya nne, moja bila.
Ya kumi na moja, mbili.

Simjui jina, huyo anayesimama mwisho wa mshale.
Nayajua magoti yake.
Naijua ile sekunde baada ya goli la tatu
unapouokota mpira wavuni na wenzako wote wanatazama viatu vyao.
Mwezi uliopita, pale Pasua, tulikula tisa
kutoka kwa wasichana wa Arusha waliokuja na basi lao na daktari wao.
La tano lilinipita katikati ya miguu,
na mama wa karanga akaniambia, kwa huruma iliyouma kuliko goli,
"Mwanangu, si urudi tu shule."
Nina miaka thelathini na moja.

Glovu zangu nilizivuta kwenye rundo la mitumba hapo ng'ambo ya barabara,
elfu sita, baada ya kununa na kuondoka mara mbili.
Ndani mtu kaandika jina kwa wino mzito,
herufi moja ina vidoti viwili kichwani kama macho ya chura.
Gumba la kushoto limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Huo uzi ni wangu.

Dakika ya sabini, sita bila.
Sasa hakuna anayecheka. Stuli zimesogea.
Mvua inapiga bati, na Massamu anaipigia kelele
kana kwamba ndiyo inayolinda lango la bonde.
"Moja tu! Mama, moja tu!"
Shambulio la hatari. Kona. Shambulio la hatari.
Kwa robo saa mshale unagonga mlango uleule
na mlango haufunguki.

Dakika ya themanini na nane:
Penalti.
Mshale umesimama. Massamu amesimama.
Nusu ya fedha ameshaitumia: ada ya kijana,
deni la kisu cha umeme, na kilichobaki hasemi.

Penalti imekoswa.

"Kapaisha!" anafoka. "Hatua kumi na moja, anapaisha mawinguni!"
Mkeka unachanwa mara mbili, mara nne.
Simjibu. Ni mteja.
Mashine inalijua neno kukosa,
neno kudaka hawakuifundisha.

Lakini chini ya kaunta, pasipoonekana na mtu,
viganja vyangu vilikuwa vimeshafunguka
na bega lote limeegemea kushoto.

Alikwenda kushoto. Niulizeni mimi.

Sita bila. Nafagia vipande, nafunga komeo.
Kesho mazoezi saa kumi na mbili asubuhi,
Pasua isipokuwa bwawa.