Mshindio

Ghorofa ya tatu, kiwanda cha pamba kilichokufa,
mji wa Łódź, Februari.
Jina la mji maana yake mashua,
na mto hauonekani: mito waliizika ndani ya mabomba
viwanda vipate pa kusimama.
Nimepanga sakafu ya mbao, dirisha moja la kaskazini,
na jiko la umeme ambalo nikiliwasha pamoja na birika
taa zinazimika,
na Ludomir wa chini, fundi wa fidla,
anagonga dari yake kwa ufagio.

Asubuhi sianzi na kuchora. Naanza na vidole:
naviatamia kwapani mpaka vinikubali.
Kisha nachuja wino.
Naupika mwenyewe, kwa vivimbe vya mwaloni,
uvimbe ule mti unaojifanyia palipodungwa na nyigu.
Naviokota Oktoba kando ya makaburi,
navitwanga, navilowesha siku tisa,
natia chumvi ya chuma na gundi ya mgunga.
Chumba kizima kinanuka kutu na chai iliyolala.

Wino huu hautaki haraka.
Ukitoka kalamuni ni kijivu, mnong'ono tu;
hewa ndiyo inayoutia weusi.
Unaweka mstari saa tatu,
saa sita unaukuta umeshika msimamo.
Kosa nalo hukolea vilevile.

Mwezi mzima nilichora kitanda cha mfumi,
kile cha chuma, kilichosimama hapa.
Sikuwahi kukiona.
Nilikuwa na picha za maktaba
na mashimo manne ya bolti sakafuni,
moja linayumbisha kiti changu.
Karatasi saba ziliishia chini ya mguu wa meza.
Ya nane niliipenda.

Jumapili akaja mama.
Genowefa, miaka themanini na moja, ngazi sitini na nne,
akipumzika kila ghorofa, akisoma majina milangoni.
Alifuma chumba hiki miaka kumi na tisa,
vitanda sita peke yake,
na mngurumo ukamla masikio yote mawili.
Wenzake walizungumza kwa midomo mitupu;
mpaka leo humsengenyi,
hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hakutazama dirisha. Hakutazama karatasi.
Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye shimo la bolti,
akageuka nusu,
na mkono wa kushoto ukanyooka
ukakamata kitu kisichokuwepo.
Ndipo akaja mezani, akavaa miwani.
Chai ikapoa.
"Umechora vizuri," akasema, kwa sauti ile kubwa
ya mtu asiyejisikia.
"Ila mshindio hauendi hivyo."

Nikamwambia, picha ndivyo inavyoonyesha.
"Mpiga picha alikuja mitambo imezimwa.
Uzi uliolegea hulala upande wowote."

Akachukua kalamu yangu.
Akaichovya kama mtu anayechovya mkate,
na juu ya kazi yangu ya siku kumi na moja
akavuta mstari, kulia kwenda kushoto,
chini ya mtande, juu, chini, juu,
akaacha tone karibu na ukingo.
Mstari ulikuwa kijivu, karibu hauonekani.
Nilijifanya sikukasirika.
Nilimsindikiza hadi kituo cha tramu,
theluji ikiniingia kwenye kola,
yeye akisoma midomo ya wapita njia na kucheka.

Niliporudi giza lilikuwa limeingia.
Jiko, birika, taa, ufagio wa Ludomir.
Nikamulika karatasi kwa tochi.
Mstari wake ulikuwa mweusi kuliko yangu yote,
na uzi, sijui niseme nini,
uzi ulikuwa umekazwa.

Simu hasikii.
Nikachukua kadi ya posta, nikaandika kwa wino uleule,
maneno yakatoka hafifu:
*Na uzi wa pili unapita wapi?*
Kadi itamfikia Jumatano.
Itakuwa imeshakolea.