Rangi ya Moshi

Mama Aikaruwa wa posta aliupima mzigo kwa macho,
kisha kwa mizani, kisha kwa macho tena.
"Sahani?" akauliza, kidole kwenye fomu. "Za udongo?"
Za santuri, mama.
"Za kwaya?"
Za mitambo. Watu wanne na vinanda vya umeme. Hakuna anayeimba.
Akagonga muhuri polepole
kama daktari anayemruhusu mgonjwa bila kuridhika.
Ushuru wake ungenunua debe la mahindi, na chenji ya mafuta.

Hii ni ya kumi na tisa.
Nazihesabu kwa rangi, majina yananichanganya ulimi:
ya machungwa, iliyoiva kuliko machungwa ya Mbuyuni;
ya kijani cha chupa ya bia, ukiiinua dirishani
unamwona jirani akianua nguo chini ya maji;
nyeupe yenye madoa ya zambarau,
kama shuka lililofuliwa pamoja na kanga mpya;
na nyekundu ambayo bado sijaichana karatasi,
naitazama tu, kama jogoo anayesubiri sikukuu.

Zamani zote zilikuwa nyeusi.
Zilipikwa kabla sijazaliwa, katika miji yenye baridi,
zikauzwa, zikakwaruzika, zikasahaulika.
Leo zimepikwa upya:
wimbo ni ule ule, kovu limepakwa hina.
Shose, mke wangu, ana lake la kusema:
"Umenunua mara ya pili
kitu ambacho mara ya kwanza hukuwa nacho."
Nimetafuta jibu tangu Pasaka.

Jibu moja ninalo, ila ni refu.
Baba alikuwa zamu ya usiku kwenye kinu cha kahawa, kule relini.
Nikimpelekea chakula nasimama mlangoni, bakuli linanichoma viganja,
mashine zinachambua, tiki-taka, tiki-taka,
kubwa huku, ndogo kule, maganda yanaruka kama inzi.
Yeye hainui kichwa. Anasikiliza.
"Namba tatu," anasema, "mkanda wake umelegea."
Na kweli, umelegea.
Miaka ikapita. Kwa fundi Ndelilio, Pasua, kanda moja isiyo na jalada
ikaanza kugonga ndani ya redio iliyofunguliwa matumbo,
nikadhani kuna mtu kaenda kukirekodi kinu.

Sasa hii.
Kwenye orodha waliandika: rangi ya moshi, nakala mia tatu tu.
Nilicheka peke yangu hadi Shose akachungulia.
Ningekuwa mtu wa Tanga ningeipita.
Lakini moshi uje Moshi, kwa posta, ulipiwe ushuru,
nani angeukataa?
Nikaifungua mezani. Haikuwa ya kijivu.
Ilikuwa kama kioo, na ndani yake mkia mmoja wa ukungu
ukizunguka tundu la katikati,
kama Kibo saa nne asubuhi, anapoanza kujifunika
wageni wakiwa ndiyo kwanza wanatoa kamera.

Upande wa pili, dakika ya tatu, umeme ukakatika.
Ngoma zikazama, zikawa ng'ombe, zikawa mlango mzito,
zikawa hakuna.
Muziki wa umeme bila umeme: plastiki, na bei yake.

Manka, miaka saba, hakuniuliza.
Akaweka kidole juu ya lebo, akasukuma.
Sindano ikanong'ona, bila spika, bila waya,
nyembamba kama mbu ndani ya kibiriti.
Haraka mno: nyuki. Pole mno: ng'ombe tena.
Shose akaja na mshumaa, akainamisha sikio,
nywele zake karibu ziguse moto.
Tiki. Taka-tiki. Taka.
"Mkanda wake umelegea," nikasema,
na hakuna aliyejua nilikuwa nazungumza na nani.

Umeme uliporudi, mtoto hakutoa kidole.
Kwa nukta moja walisukuma wawili,
yeye na Tanesko.